Jalidi Ikishatangazwa, Tumeshachelewa

Kila majira ya kuchipua, utabiri ukitaja jalidi tu, yaani baridi ya usiku inayogandisha, wenye miti ya matunda uani hukurupuka na mashuka, taa na mishumaa. Nawaelewa. Ila kwa maoni yangu, uamuzi wa maana ulishafanyika siku mti ulipopandwa.

Kwanza tunamlaumu asiyehusika. Mtufaha uliolala, matumba yake yakiwa yamefumba kabisa, hustahimili hata nyuzi 20 chini ya sifuri. Shida ni joto linalokuja mapema na kuuamsha. Kadiri tumba linavyofunguka ndivyo linavyokuwa dhaifu, na ua likishachanua, nyuzi 2 chini ya sifuri zinatosha kuanza kuliua. Zikifika 4, karibu yote yamekwenda. Ufaransa iliyaona hayo mwaka 2021: Machi iliisha na joto lisilo la kawaida, Aprili ikaanza na jalidi, mizabibu na miti ya matunda ikaungua, licha ya mishumaa iliyowashwa mashambani usiku kucha.

Mwenye miti miwili mitatu ana nafasi ya kukwepa balaa hilo kwa kuchagua mahali. Usiku usio na mawingu wala upepo, ardhi hupoteza joto lake angani, hewa iliyo juu yake hupoa, na kwa kuwa ni nzito huteremka na kutuama bondeni au nyuma ya ukuta ulioiziba njia. Mti uliopo hapo huungua, na mwenzake wa mita chache juu ya mteremko usiguswe. Halafu kuna aina. Aprikoti na pichi huchanua mapema, matufaha baadaye, na hata kati ya matufaha zipo aina zinazochelewa. Muuza miche atakusifia utamu. Wewe muulize unachanua lini.

Kama mti umeshasimama pabaya, basi funika, lakini ujue unachokifanya. Joto linatoka kwenye udongo, kwa hiyo kitambaa kifike chini kabisa na kiache nafasi. Wengi hukikusanya na kukifunga kwenye shina kama mwavuli uliokunjwa, wakalifungia joto nje. Udongo wenye unyevu, usiofunikwa na matandazo, hutoa joto zaidi usiku. Asubuhi funua, nyuki wana kazi. Kunyunyizia maji siwashauri watu wa nyumbani: yanapoganda hutoa joto, kweli, lakini ukiyafunga kabla barafu haijayeyuka unaweza kuongeza hasara.

Kinachonikera hasa ni kutangaza msiba asubuhi yake. Petali zinaweza kubaki nyeupe na nzuri huku ua limekufa, kwa hiyo kuangalia kwa mbali hakusaidii. Chuma maua kadhaa kutoka juu, chini na pande zote, uyapasue katikati kwa ukucha. Pistili, yaani sehemu ya kike iliyo katikati ya ua, ikiwa ya kijani, lipo tumaini. Ikiwa nyeusi au kahawia, hapo hakuna tunda. Kisha hesabu. Mtufaha uliojaa maua hutoa mavuno ya kutosha hata ua 1 tu kati ya 10 likishika, na hayo mengine ungeishia kuyapunguza mwenyewe. Baadhi ya matunda yatakua na mkanda wa kahawia kwenye ganda. Yanalika vizuri tu.

Na hata maua yote yakifa, weka msumeno chini. Mara nyingi mti wenyewe ni mzima, na mtufaha uliokosa matunda mwaka huu huelekea kuweka matumba mengi ya maua kwa ajili ya mwakani, pengine mengi kupita kiasi.