Ukisimama Kupinga, Uwe na Sababu

Jumamosi moja nilikalia kiti cha jaji kwenye mahakama ya mfano ya wanafunzi wa sheria. Shahidi wa kwanza hajamaliza hata robo saa, kijana wa utetezi ameshasimama mara saba. "Napinga, Mheshimiwa!" Ya nane nikamuuliza, unapinga kwa msingi gani? Akamwangalia mwenzake, akajibu, "Swali halifai." Ukumbi ukaangua kicheko.

Najua alikojifunzia: kwenye tamthilia za Kimarekani. Kule mbele ya wakili kuna jopo la raia wasiosomea sheria, na neno likishawaingia masikioni ni kazi kulitoa. Kwetu Tanzania anayeamua ni jaji au hakimu. Hata wazee wa baraza, raia wanaomshauri jaji, wanapokaa naye Mahakama Kuu, maoni yao hayamfungi. Huyo unayemrukia kila dakika amezoea kuchuja pumba na mchele, na ukimchosha kwa madogo hatakusikiliza vizuri kwenye kubwa.

Chukua swali elekezi. Wakili wa Jamhuri, yaani wa upande wa mashtaka, akimwongoza shahidi wake kwa "Ulimwona mshtakiwa akitoka dukani na panga, sivyo?", simama haraka, kwa sababu anamlisha shahidi jibu. Upande wa pili usipopinga, swali linapita. Lakini "Wewe ni mkulima wa Kilosa?" nalo ni elekezi, na mtu akinyanyuka hapo namshangaa. Kilimo cha shahidi kinabishaniwa na nani? Kinachoniudhi zaidi ni anayepinga swali elekezi wakati wa maswali ya dodoso, yale anayoulizwa shahidi na upande wa pili, mahali ambapo sheria inaliruhusu waziwazi.

Ushahidi wa kusikia nao unapingwa kwa mazoea. Shahidi akitamka tu "jirani aliniambia", mtu yuko wima. Tulia kwanza, jiulize maneno hayo yameletwa ya nini. Kama ni kuthibitisha kwamba alichosema jirani ni kweli, pinga. Kama ni kuonyesha tu kwamba yalitamkwa, mfano tishio lililomtia mtu hofu, yanapokelewa. Kesi ya Subramaniam, iliyotoka Malaya na kuamuliwa mwaka 1956, inasomwa karibu kila darasa la ushahidi kwa hoja hiyohiyo. Wanaijibu vizuri kwenye mtihani, wanaisahau wakivaa suti.

Vita yenyewe, kwa maoni yangu, iko kwenye nyaraka, na huko ndiko wanafunzi wanalala. Shahidi aitambue nyaraka, aeleze inamhusu vipi, aombe ipokelewe, upande wa pili uulizwe kama una pingamizi, mahakama iamue. Ikishapokelewa kuwa kielelezo ndipo isomwe. Mahakama ya Rufani ililisema hili kwenye kesi ya Robinson Mwanjisi mwaka 2003, na hadi leo rufaa zinaitaja. Ukinyamaza pale, kulalamika kwenye hoja za mwisho ni kumkimbiza kuku aliyekwishachinjwa.

Waliofuatilia kesi ya mwanasiasa wa upinzani Freeman Mbowe na wenzake mwaka 2021 wanakumbuka "kesi ndogo ndani ya kesi kubwa". Utetezi ulipinga maelezo ya onyo ya mshtakiwa mmoja, yaani yale yaliyoandikwa polisi, na kesi kubwa ikasimama mashahidi waitwe kuhusu karatasi hizo peke yake. Pingamizi lile lilikataliwa, sawa. Lakini lilikuwa na msingi uliotajwa, lililetwa kabla nyaraka haijapokelewa, na kila mtu alijua utetezi unataka nini.

(Na jambo moja linanikera: tangu 2021 sheria inasema lugha ya mahakama ni Kiswahili, lakini mazoezi mengi bado yanafanywa kwa Kiingereza. "Mheshimiwa, napinga, swali ni elekezi." Unakaa. Kuna ugumu gani?)

Baada ya chai nilimwita yule kijana pembeni, nikamwambia ana pingamizi moja tu kwa shahidi anayefuata, achague mwenyewe pa kulitumia. Akaja daktari. Maswali mawili elekezi yakapita, naona mguu unamtetemeka chini ya meza, lakini hakunyanyuka. Kisha msomi mwenzake wa Jamhuri akamwomba daktari asome PF3, fomu ya polisi anayojaza daktari kuhusu majeraha, ambayo hakuna aliyeomba ipokelewe.

"Mheshimiwa, napinga. Hiyo bado si kielelezo."

Nikamwambia daktari aiweke chini.