Tangazo la Shule Saa Tano Usiku

Hivi nani aliwaambia walimu wetu hapa Kigoma kwamba mzazi hukesha akisubiri matangazo? Kesho kidato cha pili wanabaki nyumbani, madarasa yanatumika kwa mtihani, kazi watatumiwa kwa simu. Habari hiyo inatupwa kwenye kundi la WhatsApp saa tano usiku, tena ni picha ya karatasi iliyopigwa upande, nusu ni kivuli cha mkono. Ukiikuza usome, herufi zinageuka ukungu. Ikifika asubuhi imeshafunikwa na "Amina" thelathini, maua ya waridi na mama mmoja anayeuza dagaa. (Dagaa wazuri, sikatai.)

Na hapo namsemea mwenye simu janja. Jirani yangu wa Gungu ana kitochi. Habari anazipata mtoto akirudishwa getini. Mwaka 2020, shule zilipofungwa Machi hadi Juni, angalau vipindi vya masomo redioni alivisikia hata mwenye redio ya betri.

Meseji ya kawaida inaingia kwenye kitochi na haili bando. Mbona ada ikidaiwa hiyo meseji inatumwa, saa mbili asubuhi, na jina la mtoto limeandikwa sawasawa?