Kabla ya rangi, tukate karatasi

Karibu kila kikundi cha kina mama Dar es Salaam kina mtu anayejua kuchanganya rangi ya batiki. Anajua kostiki soda inaingia lini, haidrosalfaiti inafuata wapi, kitambaa kikae ndani muda gani. Mchoro hakufundishwa na mtu. Unapita mabanda ya Sabasaba na kukuta batiki za vikundi visivyojuana zinafanana kama zimetoka beseni moja: ua lile lile la sponji, nta ile ile yenye nyufa. Kwangu hilo linauma, kwa sababu mikono iliyozifanya ni mizuri. Ushauri wangu ni kwamba fundi wa batiki akae kwanza na karatasi ya manila na wembe, akate stensili zake, yaani karatasi zenye matundu ya kupitishia mchoro kwenye kitambaa, azijaribu mpaka apate mchoro ambao ni wake.

Karatasi inakulazimisha ufikiri. Ukikata duara, kipande cha katikati kinadondoka, kwa hiyo lazima uache viungo vyembamba vya kukishikilia, na viungo hivyo vitaonekana kwenye kitambaa. Fundi asiyejali huviacha popote. Anayejali huvigeuza kuwa mshipa wa jani au ukucha wa ndege, na hapo ndipo ubunifu unapoanza. Wajapani walihangaika na jambo hili vizazi kwa vizazi. Mafundi wa Suzuka, mkoani Mie, hugandisha karatasi za magome ya mforsadi kwa maji ya persimoni, tunda linalochumwa likiwa bichi, kisha huzifukiza moshi mpaka zistahimili maji. Michoro ilipozidi wembamba, walitandaza nyuzi za hariri kati ya karatasi mbili ili vipande visivyo na kiungo visianguke. Mwaka 1907 Samuel Simon wa Manchester alipata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya kuchapa kupitia wavu wa hariri, na skrini zinazochapa fulana zetu leo zina undugu na kazi hiyo.

Ninayemhusudu zaidi ni Serizawa Keisuke, fundi wa kutia vitambaa rangi kwa stensili, aliyetambuliwa na Japani mwaka 1956 kuwa hazina hai ya taifa. Desturi iligawa kazi: huyu anachora, yule anakata, mwingine anatia rangi. Yeye alizishika zote.

Kinga ya Wajapani, ile inayozuia rangi isiingie kwenye kitambaa kama nta yetu, ni uji wa mchele unaonata uliochanganywa na pumba. Wayoruba wa Abeokuta, Nigeria, hutumia uji wa muhogo, kisha huchovya kitambaa kwenye nili, rangi ya buluu. Muhogo tunao! Unapaka uji juu ya stensili, unainua karatasi taratibu, unaacha ukauke kabisa. Hakuna nta ya moto ya kuunguza mtoto anayecheza uani.

Ila uji wa muhogo hauvumilii maji ya moto wala kostiki, utayeyuka. Hapa zitumike rangi za maji baridi, zile zilizoingia sokoni mwaka 1956 kwa jina la Procion, ambazo hushika pamba kwa msaada wa soda ashi, bidhaa inayochimbwa jirani kabisa, Ziwa Magadi nchini Kenya. Chemsha amerikani kwanza kwa sabuni, itoke wanga wa kiwandani. Iloweke kwenye soda ashi, ianike, paka uji, halafu tia rangi kwa brashi badala ya kuizamisha. Funika kwa nailoni usiku kucha. Na ukitaka kupitisha rangi yenyewe kwenye stensili, usiikaze kwa uji wowote wa wanga: rangi hizi huung'ang'ania wanga kama zinavyoing'ang'ania pamba, na kitambaa kitabaki kigumu. Tumia aljineti, ute wa mwani wa kahawia. Mwani unaolimwa Paje, Zanzibar, ni wa jamii nyingine, hutoa ute tofauti uitwao karajinani.

Zoezi ambalo ningempa kila anayeanza ni pindo la kanga. Kata kipande kimoja ambacho mwisho wake unaungana na mwanzo wake, ukipige upande mzima bila kiungo kuonekana, kisha ufike kwenye kona. Kona haikubali kipande kilichonyooka. Inataka stensili yake, iliyobuniwa pamoja na pindo tangu kwenye penseli. Atakayeimaliza kona vizuri apewe beseni la rangi.