Kigoma tusilisamehe deni hili

Ukitaka kuanzisha ubishi usioisha pale mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika, sema kwamba joto la dunia limeletwa na binadamu. Atatokea wa kukwambia mvua na jua ni vya Mungu. Atatokea wa kukwambia ni mkaa wa Uvinza na Kasulu. Na karibu kila mara atakuwepo mzee mmoja aliyezeeka na ziwa, atakayesema neno ambalo vijana wengi hawana jibu lake: "Mwanangu, ziwa hili lilikuwa linapanda na kushuka kabla babu yako hajazaliwa."

Mzee huyo asikilizwe, maana anachosema ni kweli na kimeandikwa. Mwaka 1874 Mwingereza Verney Lovett Cameron aliufikia mto Lukuga, ng'ambo ya Kongo, ambao ndio njia pekee ya maji ya Tanganyika kutoka. Aliukuta umezibwa na majani na matope, na ziwa lilikuwa linajaa. Kufika 1878 maji yalikuwa yamekivunja kizuizi hicho na kumwagika kuelekea mto Kongo, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka takriban mita 10. Ndiyo maana pale Ujiji, mahali Livingstone na Stanley walipokutana mwaka 1871, palipokuwa karibu na maji, leo pako mbali na ufuko. Nani alikuwa na gari Ujiji wakati ule? Mvua kubwa za 1961 na 1962 nazo zikayapandisha tena maziwa yetu makubwa, na hakuna aliyezungumzia tabianchi.

Kwa hiyo maji yalipopanda tena kuanzia 2020, yakaivamia bandari yetu na mialo, yakawafukuza watu makwao kule Gatumba upande wa Burundi, wengi wa upande wangu, sisi tunaosema joto limeletwa na binadamu, walikimbilia kunyoosha kidole: mmeona? Hoja hiyo ilikuwa nyepesi. Ni kweli hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi zaidi, kiasi cha asilimia 7 kwa kila nyuzi moja, na mvuke huo hurudi kama mvua nzito. Lakini kimo cha Tanganyika kinategemea mambo mengi: mvua za miaka kadhaa mfululizo, jua linalokausha maji, na hali ya Lukuga kuziba au kuzibuka. Ukimleta shahidi wa namna hiyo mbele ya mzee aliyeona mafuriko ya miaka ya 60, atamvunja kwa swali moja, na watu wataondoka wakiamini kesi nzima ni ya uongo.

Shahidi wa kumleta ni joto la maji yenyewe, na hapa naomba msomaji anivumilie kidogo, kwa sababu jambo hili ndilo linalogusa sahani zetu.

Tanganyika lina kina cha mita 1,470. Ni la pili kwa kina duniani baada ya Baikal kule Urusi. Maji yake ya juu ni ya uvuguvugu na mepesi. Ya chini ni ya baridi na mazito. Ukishapita mita 100 hadi 200 kwenda chini hakuna oksijeni, wala samaki hakai huko. Lakini huko chini ndiko iliko mbolea ya ziwa, kwa sababu kila kinachokufa juu kinazama na kuozea huko. Kila kiangazi, Mei hadi Septemba, upepo wa kutoka kusini-mashariki unayasukuma maji ya juu, yanavurugika, na sehemu ya mbolea inapanda. Mwani unaila, vijidudu vinakula mwani, dagaa anakula vijidudu, mgebuka anamla dagaa. Msimu mzuri wa dagaa haukuanza na wavu wala taa. Ulianza na upepo ulioweza kuchanganya maji.

Sasa maji ya juu yakizidi kupata joto, yanazidi kuwa mepesi, na upepo uleule unashindwa kuyachanganya na yale mazito ya chini. Mbolea inabaki kuzimu. Ziwa linaonekana zuri, la buluu, maangavu kuliko zamani, na njaa iko ndani yake.

Mambo haya yamepimwa. Mwaka 2003 watafiti wakiongozwa na Catherine O'Reilly walionyesha kwamba uzalishaji wa mwani ziwani huenda umeshuka kwa kiasi cha asilimia 20, kiwango kinachoweza kupunguza samaki kwa asilimia 30 hivi. Mwaka 2010 timu ya Jessica Tierney ilisoma matope ya chini ya ziwa, tabaka kwa tabaka, ikaona kwamba joto la maji ya juu mwishoni mwa karne ya 20 halina mfano katika miaka 1,500 iliyotangulia. Na mwaka 2016 timu ya Andrew Cohen ikakuta kwenye matope hayohayo kwamba mabaki ya samaki yalianza kupungua kabla uvuvi mkubwa wa kibiashara haujaingia Tanganyika katikati ya karne ya 20. Kwa hiyo tukirudi kwa mzee wetu: ndiyo, mzee, kimo kimepanda na kushuka siku zote. Joto la namna hii halikuwahi kuonekana tangu kabla Ujiji haijawa Ujiji.

Atauliza, na ni haki yake kuuliza: kwa nini iwe ni binadamu na si jua? Jua linapimwa kwa setilaiti tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, na nguvu yake haijapanda. Isitoshe, kama jua ndilo lingekuwa limezidi, hewa ingepata joto kuanzia juu hadi chini. Kilichopimwa ni kinyume: hewa ya karibu na ardhi inapata joto huku tabaka la juu sana likipoa, kwa sababu joto linazuiwa huku chini na hewa ukaa (kaboni dioksidi) lisitoke. Volkano? Hewa ukaa inayotoka kwenye volkano zote kwa mwaka haifiki hata asilimia 1 ya ile inayotolewa na watu. Kabla ya viwanda kulikuwa na sehemu 280 za hewa ukaa katika kila sehemu milioni moja za hewa. Mwanasayansi Charles Keeling alipoanza kupima kule Hawaii mwaka 1958 zilikuwa 315. Leo zimepita 420. Na kaboni hiyo ina alama yake: ile iliyotoka kwenye mafuta na makaa ya mawe imekaa ardhini mamilioni ya miaka, hata mionzi ya asili inayopatikana kwenye miti hai imekwisha ndani yake. Wanasayansi wanaipima hewani na kuitambua. Hapa pamebaki ubishi wa watu, si wa vipimo.

Kwa wanaosema ni Mungu, nasema kwa heshima, kwa sababu na mimi naamini. Nyumba ikiungua mtaa wa Mwanga tunasema Mungu ndiye mwenye kupanga, kisha tunamtafuta aliyeacha jiko likiwaka. Imani haijawahi kutuzuia kuuliza nani alifanya nini.

Wa mkaa ndio wanaonipa tabu zaidi, kwa sababu wako upande wangu nusu. Wanakubali ni binadamu, halafu binadamu wanayemwonyesha ni mama anayeuza mkaa kwa kopo kando ya barabara. Kukata misitu ya miombo kuna madhara makubwa hapa hapa kwetu: mabonde yanakauka, mmomonyoko unapeleka udongo ziwani na kuyafunika mazalia ya samaki wa kando. Vilima vinavyoizunguka hifadhi ya Gombe vilionyesha hayo kwa macho, hadi mtafiti wa sokwe Jane Goodall na watu wake wakaanzisha mradi wa TACARE mwaka 1994 wa kurudisha miti pamoja na wanavijiji. Hayo tuyabebe sisi, ni yetu. Lakini kusema mkaa wa Kasulu ndio uliolipasha moto ziwa la urefu wa kilomita zaidi ya 600 ni kumwonea mtu asiye na wa kumtetea. Tanzania nzima haifiki asilimia 1 ya hewa chafu ya dunia. Afrika yote, yenye zaidi ya mtu mmoja katika kila sita duniani, inatoa takriban asilimia 4 ya hewa ukaa ya mafuta, gesi na makaa ya mawe.

Na hapa ndipo ubishi wetu wa mwaloni unapokuwa na gharama. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wapumzike na kuzaliana. Siupingi uamuzi huo moja kwa moja; makokoro na nyavu haramu zimetuumiza, na ziwa la nchi nne linahitaji utaratibu wa nchi nne. Lakini angalia nani alilipa. Alilipa kibarua wa kwenye kipe, chombo cha kuvulia. Alilipa mama anayeanika dagaa mchangani, na watoto wake. Samaki wamepungua kwa sababu mbili, uvuvi uliozidi na maji yaliyopata joto, na bili yote akapelekewa wa sababu moja. Yule wa sababu ya pili, mwenye kuchoma mafuta na makaa ya mawe kwa wingi, hakuletewa hata karatasi.

Kwa hiyo kila mwana Kigoma anayesema "si binadamu, ni tabia ya ziwa" anamfutia deni mtu asiyemjua. Na mtu huyo anajua anachodaiwa. Wanasayansi wa kampuni ya mafuta ya Exxon walifanya makadirio ya joto la dunia tangu miaka ya 1970, na yametimia kwa usahihi mkubwa, wakati kampuni hiyohiyo ikilipia matangazo ya kutia watu shaka. Shaka inayosambaa leo kwenye simu zetu kwa sauti ya mtu asiyefahamika ilitengenezwa mbali, kwa fedha, na waliokuwa na cha kuficha. Inaniuma kuisikia ikirudiwa na mvuvi ambaye ndiye wa kwanza kunyang'anywa.

Deni hili si ndoto yangu. Mwaka 2022 kule Sharm el-Sheikh, Misri, kwenye mkutano wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa, nchi zilikubaliana kuunda mfuko wa hasara na uharibifu kwa nchi zilizoathirika, na mwaka uliofuata Dubai ukaanzishwa rasmi. Tarehe 23 Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba nchi zina wajibu wa kisheria kuilinda tabianchi, na kwamba kuuvunja wajibu huo kunaweza kuleta dai la fidia. Kuna mahali pa kupeleka madai. Tunachokosa ni madai yenyewe.

Najua swali litakalofuata: bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Tanga, kilomita 1,443, linapita jirani zetu Tabora. Tutadaije wengine na sisi tumekubali bomba la mafuta lipite kwetu? Ni swali zito na sitalikwepa. Jibu langu ni kwamba mvuvi wa Katonga hakulijenga bomba hilo, na haki yake haiwezi kupotea kwa uamuzi ambao hakuulizwa. Lakini serikali inayosaini bomba kwa mkono mmoja itapata shida kudai fidia kwa mkono wa pili, na tuiambie hivyo mapema.

Ninachotaka ni kitu kidogo cha kuanzia. Taasisi ya utafiti wa uvuvi, TAFIRI, ina kituo hapa Kigoma. Joto la maji ya ziwa libandikwe kila mwezi kwenye ubao wa kila mwalo, Kibirizi, Katonga na Ujiji, pamoja na la mwezi kama huo miaka iliyopita, ili ubishi wetu uwe na namba. Na maofisa watakapokuja tena kutangaza kufungwa kwa ziwa, viongozi wa BMU, vikundi vya wavuvi vya kusimamia mialo, wasimame waulize swali moja kabla ya kusaini chochote: katika fedha za ule mfuko, ombi la wavuvi wa Tanganyika limeandikwa na nani, na lini limepelekwa?