Kelele za baharini: tunagombania sona, meli zinapita

Kila kundi la nyangumi likikwama ufukweni ubishi unaanza upya, hawa wanasema ni jeshi na sona zao (mitambo inayopiga sauti majini na kusikiliza mwangwi ili kugundua vitu), wale wanasema acheni kuzusha, nyangumi walikuwa wanakwama hata kabla injini haijabuniwa. Kusema kweli wote wana hoja, ila mi naona tunakodolea macho pale penye mizoga tu.

Tuanze na hiyo sona. Machi 2000 kule Bahamas wanyama 17 wa jamii ya nyangumi na pomboo walikwama ndani ya siku moja na nusu hivi, na jeshi la majini la Marekani lenyewe likaja kukiri kwenye ripoti kwamba sona zake zilihusika. 2002 kwenye visiwa vya Canary vya Hispania wakakwama wengine 14 wakati wa mazoezi ya kivita, wengine wakakutwa na vipovu vya gesi mwilini, yaani kama mzamiaji aliyepanda juu haraka mno. Hispania ikapiga marufuku sona hizo pale 2004 na miaka iliyofuata vifo vya makundi vya aina ile vikakoma. Sasa hapo utabisha nini? Jeshi nalo linasema nyambizi za siku hizi ziko kimya sana, usipofanya mazoezi ya kuzisaka kwa sona siku ya vita umekwisha, na 2008 Mahakama Kuu ya Marekani ikawapa ushindi kwenye kesi ya mazoezi ya pwani ya California. Sio hoja ya kipuuzi hiyo.

Ila sona inapigwa mahali fulani kwa muda fulani. Meli hazilali. Baharini mwanga unaisha mita mia chache tu kwenda chini, sauti inakimbia mita 1,500 hivi kwa sekunde na ile nzito inafika mbali mno, ndo maana nyangumi anategemea masikio kuliko macho. Bahati mbaya sauti zao nzito zinaangukia masafa yaleyale ya mitetemo ya ngurumo za meli. Pwani ya California walilinganisha vipimo vya miaka ya 60 na vya miaka ya 2000 mwanzoni, ngurumo zile zilikuwa zimepanda desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 10 hadi 12, unaweza kuona kidogo kumbe desibeli 10 tu ni nguvu mara kumi. Hakuna mzoga hapo, kuna nyangumi anayeita na mwenzake hasikii.

Kuna tukio moja huwa silisahau. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001 kule Marekani meli zilipungua Bay of Fundy huko Kanada, kelele ikashuka desibeli 6, na wanasayansi waliokuwa wanakusanya vinyesi vya nyangumi (kazi za watu hizi!) wakakuta homoni za msongo nazo zimeshuka. Wapinzani wanasema ni sehemu moja, siku chache, sampuli kidogo. Sawa, lakini jaribio kama lile nani atalipanga makusudi?

Watetezi wa meli na mafuta kuna mahali wako sahihi na wanaharakati hawapendi kusikia. Mtu anakuambia meli moja ina desibeli 190 kwa hiyo inazidi ndege inayopaa, hapana bwana, desibeli za majini hazilinganishwi na za hewani hivihivi, inabidi utoe kama 62 kwanza. Halafu zile bunduki za hewa zinazopiga mlipuko majini za kutafutia mafuta chini ya bahari, utafiti wa 2017 karibu na Tasmania ulisema zinaua planktoni (viumbe vidogo vinavyoelea majini) hadi kilomita 1.2, wengi wakatangaza kiama cha chakula cha bahari, 2019 utafiti mwingine wa Norway ukakuta vifo vingi ni ndani ya mita 10 tu. Na kuna vifaa vya sauti vinavyofungwa kwenye nyavu kuwafukuza pomboo wasinaswe, hiyo nayo ni kelele na inaokoa maisha. Ila wasijisahau, kwenye Bahari ya Barents miaka ya 90 mwanzoni bunduki hizohizo zilipopigwa samaki walioingia kwenye nyavu za kukokota walipungua karibu nusu. Hilo mvuvi yeyote analielewa.

Dawa ya meli inajulikana, punguza mwendo na tengeneza propela isiyotoa vipovu vingi, maana vipovu vikipasuka ndo kelele kubwa yenyewe na ni mafuta yanayopotea. Vancouver huko Kanada tangu 2017 meli zinaombwa zipunguze mwendo zinapopita kwa nyangumi wauaji waliobaki kama 70 na kitu, na nyingi zinakubali. Wenye meli wanalalamika kwamba ukienda taratibu unahitaji meli nyingi zaidi kwa mzigo uleule na kila moja inakaa muda mrefu zaidi pale inapopita, hesabu halali kabisa. Miongozo ya kelele za meli ya IMO, shirika la kimataifa la usafiri wa baharini, ya 2014, ikaboreshwa 2023, bado ni ya hiari.

Kinachonichekesha ni kwamba bandari nyingi bado zinahudumia anayewahi kufika, kwa hiyo meli inakimbia bahari nzima injini inanguruma, ikifika inatia nanga nje siku kadhaa kusubiri zamu.