Nimehama Mrengo, Sijahama Chama

Mwezi uliopita, tukiwa tumekaa chini ya turubai la msiba hapa Chang'ombe, Dodoma, mzee mwenzangu mmoja ambaye tunafahamiana tangu tulipokuwa Umoja wa Vijana alinigeukia mbele ya watu na kuniuliza kama ni kweli kwamba siku hizi nimekuwa bepari. Aliuliza kwa utani, kwa kuwa msibani si mahali pa ugomvi, lakini nilimwona usoni kwamba anataka jibu. Nilimjibu kwamba ikiwa ubepari ni kuamini kuwa aliyelima ndiye mwenye neno la kwanza juu ya mazao yake, basi na mimi nimo, na kwamba sikulala mjamaa nikaamka bepari. Watu walicheka, chai ikaletwa, mazungumzo yakahamia kwenye mvua. Hapa naandika yale ambayo pale msibani yasingefaa: jinsi fikra zangu zilivyohama kutoka mrengo wa kushoto, wa wajamaa, kwenda mrengo wa kulia.

Maneno kushoto na kulia yalizaliwa Ufaransa mwaka 1789, pale wajumbe wa Bunge waliotaka kumpunguzia mfalme madaraka walipojikusanya upande wa kushoto wa mwenyekiti, na waliomtetea wakakaa kulia. Kwa mkazi wa Dodoma maneno hayo yanakumbusha viti tu: kwa desturi serikali hukaa kuliani mwa Spika na kambi ya upinzani kushotoni. Matokeo yake yanachekesha. CCM, chama kilichorithi Azimio la Arusha, yaani tamko la siasa ya Ujamaa, kikawa upande wa kulia, na CHADEMA, ambacho mwasisi wake Edwin Mtei alijiuzulu uwaziri wa fedha mwaka 1979 kwa kutaka tuafikiane na Shirika la Fedha la Kimataifa, ambalo masharti yake Mwalimu Nyerere aliyakataa, kikawekwa kushoto. Ndiyo maana nchini kwetu mtu anaweza kuhama chama mara tatu bila fikra zake kusogea hata hatua moja. Edward Lowassa alitoka CCM kwenda CHADEMA mwaka 2015 na kurejea mwaka 2019, na kati ya hapo tulishuhudia madiwani na wabunge wa upinzani wakihamia chama tawala kwa maelezo ya kuunga mkono juhudi za Rais. Sikumbuki hata mmoja kati yao aliyeulizwa hadharani anaamini nini kuhusu bei ya mahindi au umiliki wa ardhi. Mimi kadi yangu ni ileile niliyoichukua ujanani, na iko kabatini. Kilichohama ni kitu kingine.

Nilizaliwa mwaka 1962 katika tembe, nyumba yetu ya udongo yenye paa bapa, mbali na jirani yeyote kwa mwendo wa kusikia mbwa wakibweka. Mwaka 1971 Operesheni Dodoma, kampeni ya serikali ya kuwahamishia watu katika vijiji vya Ujamaa, ilitukuta huko na kutupeleka kijijini, nasi watoto tulifurahi kwelikweli. Tulipata shule, tukapata wenzetu wa kucheza nao, tukajifunza kuimba na kupiga kelele za "Zidumu fikra za Mwenyekiti" kabla hatujajua fikra ni nini. Mtu akiniambia leo kwamba Ujamaa haukuleta kitu, ninamkatalia, kwa sababu mimi mwenyewe, mtoto wa mfugaji asiyejua kusoma, nisingeandika makala haya kama isingekuwa ile shule. Baba hakufurahi kama sisi. Alilalamika kwamba shamba lake la zamani lilikuwa likizunguka tembe, ng'ombe walilala pale, samadi ikaingia ardhini mwaka hadi mwaka, na sasa anaambiwa ng'ombe wakae huku na shamba liwe kule, kwenye udongo ambao hakuna mnyama aliyewahi kuulalia. Nilimwona mzee wa zamani asiyeelewa maendeleo. Nilipoanza kuhudhuria semina nilipata hata jina la kumpa, nalo ni fikra mgando.

Kisha ukaja mwaka 1983. Ilikuwa wakati wa msako wa walanguzi na wahujumu uchumi, nami nilikuwa karani kijana mwenye imani kali, niliyepangiwa zamu pamoja na mgambo kwenye kizuizi cha mazao katika barabara ya Morogoro, upande wa Mbande. Wakati ule nafaka haikuruhusiwa kuvushwa ovyo bila kibali, na mnunuzi halali alikuwa shirika la umma kwa bei iliyopangwa mbali na shamba. Asubuhi moja alishuka mama mmoja kwenye lori akiwa na kiroba cha uwele. Alieleza kwamba binti yake amejifungua mjini na kwamba anampelekea wa kupikia uji. Kibali hakuwa nacho. Nilimweleza kwa lugha ya semina kwamba chakula ni mali ya taifa, kwamba kiroba kimoja kikiachwa vitapita elfu, na kwamba mlanguzi huanza hivihivi. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza swali moja tu: "Nililima na nani, mwanangu?"

Sikuwa na jibu, nikaandika jina lake kwenye daftari. Alipanda lori linalofuata mikono mitupu. Jioni uwele ule ulikuwa umepungua, na asubuhi yake haukuwapo kabisa. Sikuuliza, kwa sababu nilikuwa nimekula uji.

Ningependa kusema kwamba nilibadilika siku ile, kwa kuwa masimulizi ya namna hii hupendeza yakiwa hivyo, lakini ukweli ni kwamba niliendelea kuamini kwa miaka mingi. Nilikuwa na maelezo ya kila kitu. Ukame wa mwaka 1973 na 1974 ulikuwa wa kweli, bei ya mafuta ilipanda kweli, na vita vya Kagera vya mwaka 1978 hadi 1979 viliila hazina ya nchi bila sisi kuvichokoza. Hata leo sikubaliani na wanaosema kwamba matatizo yote ya miaka ile yalitokana na siasa ya Ujamaa peke yake. Nilipoona mwaka 1986 serikali ya Mzee Mwinyi ikikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, nilihuzunika kama mtu aliyefiwa, na Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 lilipowaruhusu viongozi kumiliki hisa na nyumba za kupangisha, nilikataa kulisoma kwa wiki nzima.

Kilichonitikisa hakikutoka kwa mabepari. Kilitoka kwenye historia ya wajamaa wenyewe, nilipoanza kuisoma nje ya semina. Huko Ruvuma, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakulima waliojikusanya kwa hiari yao, wakianzia Litowa karibu na Songea, walikuwa wakilima pamoja, wakiendesha shule yao na kupanga mambo yao katika umoja wa vijiji zaidi ya kumi. Mwalimu aliuona mfano ule na kuupenda. Mwezi Septemba 1969 chama tawala, TANU, kiliupiga marufuku umoja ule. Miaka saba baadaye, mwaka 1976, serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima, vikiwemo vile vilivyojengwa na wakulima wa kahawa na pamba tangu enzi za mkoloni, na kuvirejesha kisheria mwaka 1982 hali ikiwa imeharibika. Nilisoma habari hizo nikiwa mtumishi wa ushirika, na usiku ule sikulala vizuri. Kama nia ilikuwa wakulima wafanye kazi pamoja, mbona waliofanya kazi pamoja bila kuamrishwa ndio waliovunjiwa umoja wao? Jibu nililolipata, ambalo sijapata la kuliondoa, ni kwamba mwenye uwezo wa kukuhamisha kwa faida yako hawezi kukuvumilia ukijihamisha mwenyewe.

Na hapo nikaiona Kongwa, wilaya ya hapa mkoani Dodoma, kwa macho mengine, ingawa nimepita pale tangu utotoni. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ya chama cha Labour, yaani serikali ya mrengo wa kushoto iliyojenga huduma ya afya ya bure kwa wananchi wake, ilianza mradi wa karanga Kongwa kwa lengo la kufyeka ekari zaidi ya milioni tatu, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika. Waziri wa Chakula, John Strachey, alikuwa katika miaka ya 1930 mwandishi anayejulikana sana kwa kueneza fikra za Karl Marx. Walileta matrekta, mengine yakiwa yameundwa kutokana na vifaru vya vita, wakakuta mibuyu inayokataa kung'oka na udongo ambao ukikauka huwa kama saruji, kiasi kwamba karanga zilizoota haziwezi kuchimbwa. Mwaka 1951 mradi ulifungwa, na hasara ya zaidi ya pauni milioni 30 ikafutwa vitabuni. Mgogo yeyote aliyelima Kongwa angewaeleza kuhusu mvua ya pale. Sisemi kwamba mkoloni na Mwalimu ni kitu kimoja, na atakayenisoma hivyo ananionea. Ninachosema ni kwamba baba yangu na samadi yake, na Wagogo wa Kongwa na mvua yao, hawakuulizwa, na mara zote mbili waliokosa kuuliza walikuwa watu wenye nia njema.

Rafiki yangu wa msibani ana hoja dhidi ya haya yote, na ni hoja nzito kuliko zile za vijana wa mtandaoni. Anasema kwamba ninachokilaumu ni udola, yaani dola kuamrisha kila kitu, si ujamaa, na kwamba watu wa Ruvuma walikuwa wajamaa kuliko waliowavunja. Namkubalia nusu. Chama cha watu wa Litowa kingekuwepo kwenye karatasi ya kura, ningekipigia. Hata ACT-Wazalendo walipotoa Azimio la Tabora mwaka 2015 kwa nia ya kuhuisha Azimio la Arusha, nililifuatilia kwa heshima, maana walau walikuwa wanazungumza itikadi katika mwaka ambao wengine wote walizungumza majina ya watu. Lakini kila nilipotafuta mahali ambapo mkulima mmoja, yule asiyetaka kujiunga, analindwa dhidi ya wengi waliojiunga, sikuridhika. Mrengo wa kulia una mapungufu mengi, ila swali hilo huliweka mbele.

Wapo wanaodhani ninapigana na mizimu, kwa kuwa Ujamaa ulikwisha zamani. Kwanza, Katiba ya nchi, katika ibara yake ya 3, bado inaitaja Tanzania kuwa nchi ya kijamaa, jambo ambalo wengi wetu tunalipita kama kibao cha barabarani kilichofutika. Pili, mwaka 2017 serikali ilizuia mahindi kuuzwa nje ya nchi, na mwaka 2018 jeshi lilitumwa kukusanya korosho kusini kwa bei ya shilingi 3,300 kwa kilo iliyotangazwa na serikali. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zinasema ardhi yote ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini. Ni mambo ambayo hakuna aliyeyafanya kwa jina la Marx, na baadhi yake yalikuwa na sababu zake, lakini yote yanatokana na mazoea yaleyale ya kile kizuizi cha mazao: mali ni yako hadi hapo itakapohitajika.

Sasa niseme na la upande wangu mpya, maana aliyehama nyumba huyaona matundu ya paa kabla ya wenyeji. Nenda soko la mahindi la Kibaigwa. Ninalipenda soko lile. Bei inatajwa mbele yako, na ukiikataa unaondoka na gunia lako bila kuandikwa kwenye daftari. Lakini toka hapo uende mashambani uone lumbesa, gunia lililoshonewa kilemba juu hadi likawa gunia na nusu, linalolipwa kama gunia moja kwa mkulima ambaye mtoto wake anatakiwa shuleni kesho. Ukimwambia mkulima huyo kwamba ameuza kwa hiari, atakutazama kama yule mama alivyonitazama mimi. Na wakulima wa zabibu wa hapa Dodoma wanajua maana ya kuwa na tunda linalooza na wanunuzi wachache. Mrengo wa kulia usiotaka mizani ya serikali, mahakama inayofikika na shule ya umma, mimi simo. Wala sibebi kapu zima la wenye mrengo huo wa Marekani na Ulaya, ambao nusu ya ugomvi wao haunihusu. Binti yangu, anayesoma Chuo Kikuu cha Dodoma na ambaye yuko kushoto kuliko nilivyokuwa mimi mwaka 1983, anasema msimamo wa namna hii ni wa mjamaa aliyezeeka. Nimemwambia alipe nauli yake mwenyewe tuone.

Msimu uliopita nilibeba magunia manne ya mahindi kutoka shambani kwangu upande wa Kongwa kuja nyumbani. Barabarani kuna geti la ushuru, na kijana wa zamu, daftari mkononi, alikuja dirishani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Mzigo haujafika tani?"

Nilimwambia haujafika. Alizunguka nyuma, akainua turubai, akahesabu, kisha akarudi na kuniuliza, kwa upole tu na pengine kwa kupitisha muda, mahindi haya nimenunua wapi. Niliangalia umri wake, nikaangalia kalamu, na ilinichukua muda kidogo kabla sijamjibu kwamba nimelima mwenyewe.

"Haya mzee, pita," alisema, akaenda kuinua kizuizi.