Salfa au platini? Vichocheo vya dizeli ya mafuta ya mimea

Molekuli moja ya mafuta ya soya au mawese ina atomu zaidi ya 150, na kati ya hizo ni sita tu za oksijeni. Kazi yote ya kiwanda cha dizeli jadidifu ni kuzing'oa hizo sita. Zikishatoka, hubaki minyororo ya kaboni na hidrojeni ambayo injini huichoma vizuri kama dizeli iliyotokana na mafuta ghafi, pengine vizuri zaidi. Ubishi uko kwenye kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha mmenyuko, cha kufanya kazi hiyo. Wapo wanaotetea salfaidi (metali iliyoungana na salfa) ya nikeli na molibdeni, chombo cha zamani cha viwanda vya kusafisha mafuta. Wengine wanataka metali za thamani, yaani paladiamu na platini. Mimi naegemea salfaidi, ila wenzangu wa upande huu huwa wanaipita haraka hoja ya wapinzani wao, nayo si nyepesi.

Kwanza, hapa hatuzungumzii biodizeli. Biodizeli hupatikana kwa kuchanganya mafuta na methanoli pamoja na kichocheo cha alkali, na oksijeni hubaki humo humo ndani ya mafuta. Mafuta yakiwa na asidi huru nyingi, kama yalivyo mafuta yaliyokwisha kukaangia, alkali ile huishia kutengeneza sabuni. Dizeli jadidifu hupita njia nyingine: hidrojeni, joto la nyuzi 300 hadi 400 hivi za Selsiasi, na shinikizo kubwa.

Oksijeni ina milango miwili ya kutokea, na kichocheo ndicho kinachoamua ni upi utafunguka. Kila molekuli ya mafuta ni asidi tatu zilizoshikiliwa pamoja; tuchukue mafuta ambayo asidi zake zote tatu ni oleiki, ili hesabu iwe nyepesi. Kupitia mlango wa kwanza, oksijeni yote hutoka ikiwa maji. Kila molekuli ya mafuta hula molekuli 15 za hidrojeni, na kaboni yote ya asidi hubaki kwenye minyororo. Kwa tani moja ya mafuta, hiyo ni kilo 34 za hidrojeni zinazoingia na kilo 862 za dizeli zinazotoka. Kupitia mlango wa pili, oksijeni hutoka ikiwa kaboni dioksidi. Hapo molekuli sita za hidrojeni zinatosha, kama kilo 14 kwa tani, lakini kila mnyororo hupoteza kaboni moja na dizeli hushuka hadi kilo 815. Kotekote, uti wa gliseroli uliokuwa umeshikilia asidi hizo hugeuka propani, kilo 50 hivi.

Salfaidi huegemea mlango wa kwanza, ingawa hupitisha sehemu ya mafuta kwenye wa pili. Paladiamu juu ya kaboni huupenda wa pili. Miaka ya katikati ya 2000, watafiti wa chuo kikuu cha Åbo Akademi huko Turku, Finland, walionyesha kwamba kwa nyuzi 300 hivi kichocheo cha namna hiyo kinaweza kugeuza asidi ya steariki kuwa mnyororo wa kaboni 17. Tangu hapo hoja ya watetezi wa paladiamu imekuwa moja, tena ya maana: sehemu kubwa ya hidrojeni duniani hutengenezwa kwa gesi asilia, na kila kilo yake huacha kilo tisa au zaidi za kaboni dioksidi hewani. Zidisha kwa kilo 34 uone. Mafuta yanayosifiwa kuwa rafiki wa mazingira yanakuwa yameanza safari na deni la kilo 300 na ushee kwa kila tani.

Kama mambo yangeishia hapo, ningehamia upande wao. Lakini ile kaboni dioksidi inayozaliwa kwenye mlango wa pili haiondoki kimyakimya. Imo ndani ya mtambo wenye joto na hidrojeni tele, na hupenda kugeuka methani. Kila molekuli yake hula nne za hidrojeni. Zikigeuka zote tatu, ongeza 12 juu ya zile sita, unapata 18. Njia iliyosifiwa kwa kubana matumizi imekula kuliko ile ya kwanza, na dizeli nayo imepungua! Nikeli tupu, ambayo wengi huipendekeza kwa sababu ni rahisi kuliko paladiamu, ndiyo hodari zaidi wa kutengeneza methani. Paul Sabatier aliionyesha tabia yake hiyo zaidi ya karne moja iliyopita. Dawa ni kupunguza hidrojeni ndani ya mtambo, nayo ina madhara yake. Mafuta ya mimea yana vifungo maradufu vingi, na visipopata hidrojeni ya kutosha molekuli hushikana, zikaganda juu ya kichocheo kama masizi hadi kikaziba.

Salfaidi nayo ina kituko chake. Hufanya kazi kwa sababu ya salfa iliyomo kwenye kingo za vipande vyake vidogo. Mafuta ghafi yalikuwa yakiileta salfa hiyo bure, kwa kuwa vichocheo hivi vilibuniwa kuyasafisha hayo. Mafuta ya mimea hayana salfa ya kutosha. Taratibu maji na oksijeni huinyang'anya salfaidi salfa yake, na nguvu zake hupungua. Hivyo mwenye mtambo hulazimika kudondoshea kemikali yenye salfa ndani ya mafuta yasiyo nayo, kisha kuiondoa tena gesi ya sumu inayotokana nayo ili dizeli ibaki ndani ya kikomo, ambacho Ulaya ni miligramu 10 kwa kilo. Wanaocheka jambo hili wana haki ya kucheka.

Hata hivyo kuna jambo ambalo ripoti nyingi za maabara hulikwepa, nalo ni uchafu. Jaribio la kawaida hutumia asidi moja safi iliyoyeyushwa katika kimiminika safi, kwa saa chache, kisha hutangaza kwamba karibu asidi yote imebadilika. Mafuta halisi huja na fosforasi, potasiamu, kalsiamu na chuma. Yaliyokwisha kukaangia huongeza asidi huru na kloridi, na kloridi hula vyuma vya mtambo. Kiwanda huyaosha mafuta na kuyachuja kwa udongo maalumu, kisha huweka tabaka la kujitoa mhanga juu ya kichocheo chenyewe. Hata hivyo kidogo hupenya. Salfaidi haiponi moja kwa moja, lakini huchoka polepole na bei yake inavumilika. Paladiamu hukatishwa tamaa mapema zaidi, tena kwa bei ya vito. Mchagua jembe si mkulima. Nami sioni namna ya kusifia kichocheo kabla hakijafanya kazi miezi kadhaa na mafuta machafu.

Fosfaidi ya nikeli na kabaidi ya molibdeni hutajwa kama njia ya kati isiyohitaji salfa. Zinavutia. Maji yanayotoka kwenye mmenyuko huo huo huzioksidisha, na mpaka hilo lipate jibu la kudumu sina la kuongeza.

Kuna mahali ambapo platini haina mpinzani wa kweli. Mnyororo ulionyooka wa kaboni 18 huganda kwenye nyuzi 28, kwa hiyo dizeli yake ingekuwa nta ndani ya tangi asubuhi ya baridi. Lazima minyororo itiwe matawi, na hiyo ni kazi ya platini iliyopachikwa kwenye madini yenye vitundu vya ukubwa wa molekuli. Hatua hii huja baada ya ile ya kwanza, salfa na maji vikiwa vimekwisha kutolewa. Ukizidisha joto minyororo hukatika na kuwa mepesi kama petroli. Ukipunguza, nta hubaki.

Viwanda vikubwa vilishachagua hidrojeni kwa wingi. Kampuni ya Neste ilianza Porvoo, Finland, mwaka 2007, ikafuata Singapore 2010 na Rotterdam 2011. Kampuni ya Eni ya Italia nayo ilikigeuza kiwanda chake cha mafuta ghafi cha Venice mwaka 2014. Vina mabomba, gesi na wanunuzi. Kinachonitia mashaka juu ya msimamo wangu ni kiwanda kidogo kilicho mbali na bomba la gesi. Rudi kwenye ile propani: ukiichemsha na mvuke, kwa hesabu ya karatasini molekuli moja hutoa 10 za hidrojeni. Anayetumia salfaidi na mlango wa kwanza bado atatafuta tano kwingine. Anayetumia paladiamu anahitaji sita tu, kwa hiyo anajitosheleza na kubakiza nne, ilimradi mafuta yake yawe safi na kaboni dioksidi isigeuke methani.